Pindo Kwenye Plasta

Fundi alianguka kwa kujipenda. Hakusukumwa, hakuteleza, wala hapakuwa na mbwa wa kusingiziwa. Alikuwa barazani kwake akimjaribisha Mwalimu wa kwaya suruali mpya, na suruali ilimkaa Mwalimu vizuri kiasi kwamba fundi akatamani kuiona yote kwa pamoja, kuanzia kiunoni hadi kisiginoni. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. Akarudi ya pili, akafumba jicho moja. Ya tatu haikukuta baraza.

"Hapo hapo, Mwalimu, usitingishike," alisema, na alikuwa hewani tayari.

Siku hiyo naye alikuwa amevaa suruali aliyoikata mwenyewe, nyeupe, isiyo na doa, na katika ule muda mfupi wa kuanguka aliiwaza suruali kuliko mwili. Akautanguliza mkono wa kulia, kiganja wazi, ili makalio yasifike vumbini. Suruali ilipona. Kiganja kilipiga jiwe, kifundo cha mkono kikakunjika kwa nyuma, na kitu kikalia mle ndani, mlio mdogo kama wa uzi unaokatwa kwa meno.

"Umeumia?" Mwalimu aliuliza, akiwa ameshika suruali kiunoni maana haikuwa na kifungo bado.

"Nani, mimi? Geuka nione nyuma."

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu siku za mwanzo za ndoa kazi ya nyumba ile iligawanywa hivyo: yeye akate, mkewe ashone. Fundi aliamini kwamba kukata ni kipaji na kushona ni mazoea. "Cherehani ina gurudumu, inakwenda yenyewe," alipenda kuwaambia wateja, na mkewe akiwa pale pale akikanyaga hilo gurudumu. "Mkasi hauna gurudumu." Mkewe hakuwahi kumjibu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hakuyatoa ovyo.

Kufikia mchana mkono haukuwa umevimba kwa kutisha, jambo lililompa fundi kiburi. Ila kila alipotaka kushika kitu kwa gumba na vidole, maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Akajikaza kisabuni. Akaanza kufungua milango kwa kiwiko na kusalimia watu kwa kichwa.

Wa kwanza kumshtukia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi baiskeli mwenye kibanda ubavuni mwa nyumba ile ile. Alikuja kula, kama kawaida yake, akamkuta fundi anatumia kijiko kwa mkono wa kushoto na chakula kinaishia kifuani.

"Shemeji, hebu lete huo mkono."

"Wa nini?"

"Humo ndani kuna gololi. Nazijua. Moja imetoka kwenye njia yake. Nikivuta kidogo, nikazungusha, nikatia mafuta..."

"Mkono wangu si ringi ya baiskeli!"

"Ukimgusa," mke wa fundi alisema bila kuinua macho, "utajipikia mwenyewe mpaka siku utakayooa."

Shemeji mtu aliurudisha mkono wake haraka. Tishio lile lilikuwa kubwa, kwa kuwa dalili za yeye kuoa hazikuwepo. Mwanamke akanyanyuka, akauchukua mkasi mezani, akamwekea mumewe mbele ya sahani.

"Kata."

"Nikate nini wakati wa kula?"

"Kata hewa tu, baba watoto. Nione."

Fundi aliingiza gumba kwenye tundu moja na vidole kwenye tundu la pili. Akafungua mkasi nusu. Kijasho kikamtoka puani, machozi yakamlengalenga, na mkasi ukaanguka kwenye sahani ukamrushia mchuzi shemeji yake.

"Nimeteguka tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Vaa twende hospitali."

Kuvaa nako kulikuwa shughuli. Fundi alikuwa na sifa ya kukata matundu ya vifungo madogo, ili kifungo kikishaingia kisitoke, na sasa alisimama katikati ya chumba amenyanyua mikono kama mtoto, mkewe amepiga magoti mbele yake anapigana na kifungo cha suruali. "Nani aliyekata tundu hili?" mkewe aliuliza. Fundi aliangalia dari. Shemeji yake, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

*

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanawe, na koti lake jeupe lilikuwa limekatwa vibaya mabegani. Fundi alilitazama koti hilo kwa masikitiko wakati binti akiutazama mkono.

"Ulianguka vipi, mzee?"

"Nikiwa kazini."

"Alikuwa anajisifu," mkewe akasahihisha.

Daktari aliushika mkono taratibu, akabonyeza juu kidogo ya kifundo. "Watu wakiangukia kiganja, wengi huvunja hapa, mwisho wa mfupa mkubwa. Mkono unapinda kama uma wa mezani. Hapa unaumwa?"

"Hata kidogo," fundi alisema, akamgeukia mkewe kwa ushindi.

"Vizuri. Sasa nyanyua gumba juu, kama unamsifu mtu."

Fundi alinyanyua. Chini ya gumba, upande wa nyuma wa mkono, mishipa miwili ikasimama, na katikati yake kikatokea kishimo kidogo cha kutosha tone la maji. Daktari akaweka ncha ya kidole mle, akabonyeza. Fundi alitoa sauti ambayo hakujua kama anayo. Kule nje kwenye benchi wagonjwa walinyamaza, na mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akakumbuka kwamba amepona.

Picha ya eksirei ilipotoka, daktari aliiangalia muda mrefu akiielekeza dirishani. "Haionyeshi kitu," alisema.

Fundi alikuwa ameshasimama. "Si nilisema? Mama watoto, si nilisema?"

"Kaa kwanza, mzee. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, imejipanga safu mbili. Huu ninaoushuku uko upande wa gumba, umepinda kama korosho, na hauzidi korosho sana kwa ukubwa. Ukipata ufa, mara nyingi siku za mwanzo picha haiuoni. Lakini umelia nilipobonyeza kile kishimo, na mimi ninakiamini kilio hicho kuliko picha. Tunaufunga plasta kana kwamba umevunjika. Urudi baada ya wiki mbili tupige picha nyingine."

"Na gumba nalo mnalifunga? Gumba halina kosa."

"Gumba likicheza, mfupa huo unacheza. Linafungwa. Na usishike mkasi, mzee. Hata wa kucha."

Fundi alitoka hospitali amekasirika. Katika akili yake jambo lilikuwa wazi: picha imesema mkono mzima, halafu mtoto wa watu ameufunga kwa sababu ya kelele. Njiani aliukagua ule mfuko wa plasta kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Ulikuwa mnene pasipo sababu, kingo zake hazikupindwa, na shimo la gumba lilikuwa limebana kuliko soksi ya mtoto.

"Hata kama mtu ni mgonjwa," alimwambia mkewe, "asivalishwe hivi."

*

Yote hayo yangeishia kwenye manung'uniko kama Mwalimu wa kwaya asingekuja siku ya pili amebeba vitambaa. Kwaya yake ilikuwa inaingia mashindanoni, na kila mwimbaji alitakiwa awe na koti jipya. Kazi ya namna ile haikuwahi kufika kwenye baraza lile. Mwalimu aliuona mkono, akavirudisha vitambaa kifuani kama vimepigwa na baridi.

"Pole sana, Mkasi. Basi nitavipeleka kwa yule wa njia panda."

Yule wa njia panda alikuwa fundi mwingine, na jina lake halikutajwa katika nyumba ile.

"Mwalimu, weka chini," fundi alisema. "Hii plasta ni ya tahadhari tu. Mkono ni mzima, picha ninayo, ukitaka nikuonyeshe."

"Au mama akate," Mwalimu alisema, akimtazama mke wa fundi.

Fundi alicheka mpaka akashika tumbo. "Huyu? Huyu ni wa cherehani, Mwalimu."

Mkewe alivipokea vitambaa, akavikunja, akaviweka kabatini. Uso wake haukuonyesha chochote.

Kesho yake mkewe alipokwenda sokoni, fundi alifunga mlango. Akachukua mkasi wa jikoni, kwa sababu mkasi wa nguo haukati plasta, hilo hata mwendawazimu analijua. Akaloweka ile sehemu ya gumba ndani ya bakuli la maji, akaibana mipini ya mkasi kati ya magoti na mkono wa kushoto, akapunguza. Alipunguza kistadi. Akafuata mviringo wa gumba, akaacha nafasi ya kupumua, akachonga kiganjani ili vidole vikunjike. Kisha akaona zile kingo mbichi, zenye nyuzi zinazoning'inia, na moyo wake wa ufundi haukukubali kuziacha. Akatafuta utepe wa bluu, akauzungushia ukingoni, akaushikiza kwa sindano akitumia mkono wa kushoto na meno. Alipomaliza alinyoosha mkono mbele, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja. Safari hii alikuwa ameketi.

Mkewe aliingia na kapu. Akatazama ule mkono, akatazama bakuli, akatazama mkasi wake wa jikoni.

"Hii ni nini?"

"Nimepunguza."

"Umepunguza plasta?"

"Ilikuwa inabana kwenye kwapa la gumba."

Mwanamke aliweka kapu chini. "Baba watoto, ile si nguo."

"Kila kinachovaliwa ni nguo."

"Daktari alisema gumba lisicheze."

"Daktari hajui kukata. Uliliona koti lake?"

Alikata makoti ya kwaya kwa muda wote uliobaki hadi siku ya kurudi hospitali. Mkono ukimuuma alisema ni baridi. Ukimuuma na jua linawaka alisema ni jua. Shemeji yake alimwambia gololi zitasagika, naye akamjibu arudi kwenye pancha zake. Mkewe alishona kila kipande alicholetewa, na kila alipomwona mumewe anauma mdomo na kuhema juu ya kitambaa, moyo ulimuuma naye, na alimkasirikia kwa kumfanya amhurumie mtu mjinga kiasi kile.

*

Daktari aliugeuza mkono kwanza upande huu, kisha upande ule. Akapitisha kidole kwenye utepe wa bluu.

"Nani alikufunga hii?"

"Wewe mwenyewe, daktari."

"Mimi sikuweka pindo."

Fundi alimtazama mkewe amsaidie, mkewe akatazama ukuta, ambako palikuwa na tangazo kuhusu kunawa mikono.

"Nimeirekebisha kidogo," fundi alikiri. "Ilikuwa na kasoro."

Daktari hakugomba. Laiti angegomba, fundi angepata pa kushika. Aliikata ile plasta na pindo lake, akampeleka kwenye picha, na waliporudi akaielekeza picha dirishani akamwita fundi asogee. Hakuhitaji kuelekezwa. Maisha yake yote alikuwa ametazama mistari, na mstari ule aliuona mara moja: mweusi, mwembamba, umepita katikati ya kile kikorosho.

"Huo ndio ufa," daktari alisema. "Wiki mbili hizi badala ya kuunga umekuwa ukiuchezesha. Na nikwambie ubaya wa mfupa huu, mzee. Damu inauingilia upande mmoja, huku kwenye vidole. Ukikatika katikati, kile kipande cha huku nyuma kinaweza kukosa damu, kikafa."

"Kikafa?"

"Ndiyo."

"Mfupa unakufa, na mimi mwenyewe niko hai?"

"Wewe utakuwa hai. Ila mkono utaumwa kila ukishika kitu, utakosa nguvu, na mkasi utausahau. Sikutishi. Bado tuna nafasi. Plasta mpya, miezi mitatu, labda zaidi. Ikishindikana tutafanya upasuaji, tutie skrubu, na hata hapo siwezi kukuahidi."

Fundi aliketi. Kila alichokuwa nacho duniani, nyumba, jina, ada za watoto waliokwisha kusoma wakaondoka, heshima ya kusalimiwa kwanza, kilipitia kwenye mkono ule, na leo kimefika mahali kinategemea kitu cha ukubwa wa korosho alichokuwa hajui kama kipo. Alitaka kuomba msamaha, akaona aibu mbele ya mtoto mdogo vile, akajifanya anakohoa.

"Funga, daktari," alisema. "Funga na vidole vyote ukitaka."

"Vidole viache," mkewe alisema. "Atakosa cha kunyooshea watu, apasuke."

*

Makoti yaliyobaki aliyakata mwanamke. Hakukuwa na sherehe ya kumkabidhi mkasi. Siku moja tu, baada ya chai, alitandika kitambaa mezani akaanza, na fundi akasimama nyuma yake.

"Polepole hapo."

Mkasi ukaenda.

"Sogeza kushoto. Si sana. Hapo begani, angalia..."

Mkasi ukasimama. Mkewe aligeuka, akamshika ule mkono mzima, akamwongoza hadi nje, akamkalisha kwenye tairi bovu mbele ya kibanda cha baiskeli. "Kaa naye huyu," alimwambia ndugu yake. "Akinyanyuka, uje uniambie."

Kwa hiyo Mkasi, aliyekuwa na baraza lake, alipitisha miezi ile juu ya tairi la watu. Shemeji yake alimpa kazi ya kushikilia pampu. Watoto wa shule walipita wakamuuliza kama sasa anashona baiskeli. Kila asubuhi mkewe alipiga magoti akamfunga vifungo, kila jioni akamfungua, na katikati ya hapo, mtu akibanwa na haja, ilibidi aite kwa sauti kutoka uani na mtaa mzima usikie. Kulikuwa na siku alitamani kulia, na kulikuwa na siku alilia, akasingizia vumbi la barabarani.

Lakini kilichomkata maini si vifungo. Mwalimu wa kwaya alikuja kujaribu koti lake, lililokatwa na mwanamke. Fundi alisogeza tairi karibu na baraza ili asikie. Mwalimu alijigeuza, akanyoosha mikono, akaimba kidogo kujaribu kifua.

"Mkasi!" aliita. "Hata kwa mkono mmoja! Hili ndilo limekaa kuliko yote."

Fundi alifungua mdomo. Angeweza kunyamaza tu, na sifa zingebaki zake. Alimtazama mkewe, aliyekuwa anaokota vipande sakafuni kama hakusikia.

"Hilo si langu, Mwalimu," alisema kwa shida. "Hilo amekata mama."

Mwalimu alicheka sana. Alisema fundi siku hizi amekuwa na utani, akaondoka na koti lake akiimba. Fundi alinywea juu ya tairi. Shemeji yake alimtazama, akaendelea kuziba pancha.

*

Siku ya kutolewa plasta, daktari alibonyeza tena kile kishimo chini ya gumba. Fundi alikuwa ameshafumba macho na kuandaa sauti. Haikuhitajika.

"Umeunga," daktari alisema, akimwonyesha picha. Ule mstari mweusi ulikuwa umefifia, umebaki kama alama ya kunyanzi kwenye kitambaa. "Bado mkono ni dhaifu. Uuzoeze kidogo kidogo."

Fundi alimshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamwambia alete lile koti lake siku yoyote, na lile jingine kama analo, mabega yale hayawezi kuachwa hivyo. Daktari alijitazama mabegani kwa mshangao. Hakuwa amewahi kuona kasoro.

Nyumbani hakungoja hata maji ya kunywa. Mkewe alikuwa ametandika kitambaa cha gauni la mteja, kimekunjwa mara mbili, na fundi akauchukua mkasi, akaukamata vizuri, gumba huku, vidole kule. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imepauka, na mkasi ulikuwa mzito. Akakata upande mmoja wa gauni kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Hakuumwa. Alipofika mwisho alisimama wima akatazama alichofanya.

Kitambaa kilikuwa kimepinda. Kimeingia ndani kiunoni pasipotakiwa, kikatoka nje, kikaingia tena.

"Mama watoto," aliita. "Mfupa umeunga, lakini mkono si ule. Tazama mwenyewe. Nimekwisha. Mpe mtu mwingine mkasi."

Mkewe alikuja, akakiinua kile kipande, akakitazama kwenye mwanga. Akaketi kwenye cherehani, akakilaza chini ya sindano, akakanyaga. Mahali pengine alivuta, pengine alilegeza, pengine alikula kitambaa kidogo ndani ya mshono na pengine alikirudisha, vidole vyake vikienda mbele ya sindano bila haraka. Alipokitoa akakikung'uta na kukiinua. Ubavu wa gauni ulishuka moja kwa moja, kiuno mahali pake, usione kosa hata kwa kutafuta.

"Umefanyaje?" fundi aliuliza.

"Nimeshona."

"Lakini kilipinda vibaya mno!"

"Hiki? Hiki mbona nafuu. Nimeshona vilivyopinda kuliko hiki."

Fundi alikunja uso. Ufundi wake uliamka ukakasirika kwa niaba ya kitambaa. "Vya nani? Nani alikuletea vitambaa alivyovikata vibaya kiasi hicho?"

Mkewe aliukata uzi kwa meno.

"Wewe," alisema. "Mkono ukiwa mzima."

Fundi alisimama pale na mkasi wake. Wateja wa miaka yote walimpita kichwani, mmoja mmoja, wamevaa, wananyooka, wanamsifu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kisha akamtazama yule mwanamke aliyeyajua hayo siku zote na bado akapiga magoti kila asubuhi kumfunga vifungo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana," mkewe alisema, akamsogezea kitambaa. "Haya, kata na upande wa pili. Mteja anakuja."